Umekwisha Panda

Papa Anselme hakujua kompyuta. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mwezi uliopita, kwenye kilio chake, watu sita walisimama mmoja baada ya mwingine kutuambia kwamba alikuwa baba wa informatike hapa Kalemie. Wa sita alikuwa Trésor, niliyesoma naye chumba kimoja na ambaye mpaka leo hawezi kufungua barua pepe bila kumwita binti yake, naye alilia alipofika kwenye neno "baba". Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, soda ya moto mkononi, nikiwasikiliza wanavyompamba maiti. Akiwa hai walimcheka, wala hakuna aliyempelekea hata mwanafunzi mmoja katika miaka yake ya mwisho. Akiwa mfu wamemfanya profesa. Na kila aliyesimama alimalizia kwa kichekesho kilekile cha Mama Kabange na boti, na kila mara watu walicheka kicheko cha matanga, mkono ukiwa mdomoni. Kisha shemeji wa marehemu, aliyekuwa akiongoza maneno, akanionyesha kidole. "Mama Beatrisi naye atatuambia. Yeye njo alikuwa mwanafunzi wa kwanza, na yeye njo alitupita sisi wote. Ngojeni sufuria iko bado kwa moto, kisha atasema."

Basi nilikuwa na muda wa kungoja bukari, ugali wetu wa muhogo, iive, na muda huo niliutumia kurudi katika mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nyumbani kwetu nitapaacha, kwa maana palikuwa kama kwa watu wengine wote wa mji huu na hapahusiki. Kinachohusika ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, karibu na gare ya treni, chenye dirisha moja na ubao mweusi uliopasuka katikati. Mlangoni paliandikwa kwa rangi ya mafuta: Sentre ya Informatike. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu kwa wanafunzi wanane, na kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye ukingo wa kijani, kama vile watu wanavyofunika viti vya sebuleni visichafuliwe na wageni. Mama Georgette, mke wa Papa Anselme, ndiye aliyevifuma. Asubuhi tulivikunja kwa adabu, pembe kwa pembe, na saa sita tulivirudisha, na katikati hatukugusa kitu. Kwa wiki sita za mwanzo hakuna hata mmoja wetu aliyebonyeza herufi moja. Tuliandika kwenye kahier, daftari zetu za shule.

Atakayesoma haya akiwa mbali ataona natia chumvi, lakini aliyesoma kwetu anajua. Kwetu somo ni kitu cha kuandikiwa: mwalimu anasoma silabi yake, yaani kitabu chake cha maelezo, wewe unaandika, na mwenye silabi ndiye mwenye elimu. Papa Anselme alitufundisha kutengeneza tovuti kama alivyofundishwa yeye katekisimu. Alitembea kati ya madawati akiwa na koti lake la kila siku, mikono nyuma, na kusema polepole: "Fungua alama. Andika body. Funga alama. À la ligne." Tulishuka mstari, maneno tukiyaandika kwa kalamu ya bluu na alama kwa nyekundu. Alipita akikagua kwa kalamu yake nyekundu, na kwangu alisimama kila siku. "Beatrisi, alama zako zimelala. Zisimamishe." Aliyekuwa na mwandiko mzuri alipata maksi, na aliyepata maksi nyingi alikuwa Trésor, kwa hiyo mwelewe mambo yalivyokuwa. Mimi niliyeuliza maswali nilijibiwa neno moja tu: "Swali nzuri. Iko katika somo ya kesho." Na kweli kesho yake jibu lilikuja, limeandikwa safi, kama dawa iliyotoka famasi.

Saa sita Mama Georgette alileta chakula. Hakuna shule nyingine iliyowalisha wanafunzi wake, na nilijua hivyo, na nilikula kuliko wote. Bukari kwenye sinia moja, ndagala waliokaangwa na pilipili, sombe, yale majani ya muhogo, siku alizopata mtu wa kumsaidia kutwanga. Aliweka sinia juu ya meza ya mwalimu, akatutazama tunavyonawa, na akasema kila siku sentensi ileile: "Kuleni. Njaa haiandikake." Siku za samaki mkubwa alinisogezea kichwa cha kuhe, maana aliniona napenda. Nikala kichwa cha samaki wake, nikalamba vidole, na moyoni nikawadharau wote wawili: yeye na vitambaa vyake, mume na kalamu yake nyekundu. Sijui kijana hupata wapi kiburi cha namna hiyo akiwa na mafuta ya watu mdomoni. Mimi nilikuwa nacho tele.

Nyuma ya ubao palikuwa na ukuta wa mbao, na nyuma ya mbao palikuwa na pahali alipopaita biro, yaani ofisi yake. Mchana mmoja wenzangu walipotoka kuota jua nilirudi kuchukua kalamu, nikamsikia anazungumza na simu. Nilisimama. "Sema polepole, mwanangu," alikuwa anasema. "Ile baze ya majina inakaa wapi? Ndani ya mashini yetu ao ndani ya mutandao? Ngoja, niko naandika. Ndiyo. Na kama mashini inazimika, majina yanapotea? Hapana? Sawa. Rudilia ile ya pili." Lilikuwa swali langu la jana, neno kwa neno. Baadaye nilijua kwamba alikuwa akimpigia mpwa wake Kigoma, mwanafunzi wa chuo, na kwamba kila alichotufundisha kilikuwa kimevuka ziwa siku moja kabla. Nilifurahi. Sitafuti neno lingine: nilifurahi kama mtu aliyemkuta padri jikoni anakula siku ya mfungo. Nikachukua kalamu yangu na kutoka nikinyata.

Leo ninaendesha kazi ya watu watano na nusu ya siku yangu naimaliza kwa kuuliza. Ninauliza vijana ninaowazidi umri mara mbili, naandika walichosema, na kesho yake nawafundisha wengine kana kwamba nilizaliwa nacho. Hakuna mtu katika kazi hii anayefanya vinginevyo, na anayesema anafanya vinginevyo ni debe tupu. Papa Anselme alikuwa amebuni ufundi wetu wote bila kuujua, ila aliufanya kwa koti na kalamu nyekundu, na mimi sikuweza kumsamehe koti.

Baada ya siku ile nilitafuta waalimu wa kweli. Palikuwa na siberi, nyumba ya intaneti ya kulipia, karibu na posta, na huko niliingia kwenye baraza za mtandaoni za watengenezaji wa tovuti, nikaandika kwa Kifaransa changu cha shule: mimi ndio naanza tu, nataka kujua kutengeneza programu ya mtandao, naomba mniongoze, nianzie wapi? Wa kwanza alinijibu kwamba swali hilo limeulizwa mara elfu na nisipoteze muda wa watu. Wa pili alisahihisha Kifaransa changu. Wa tatu, ambaye jina lake lilikuwa herufi tatu na namba, alinitupia somo refu la kutengeneza fomu ya kukodisha vyumba vya hoteli, bila hata salamu. Nililichapisha somo lile nikalisoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Watu wale walinitukana na nikawaheshimu. Yule aliyenilisha nilimwona mjinga. Niliona kwamba elimu ya kweli lazima iwe na dharau ndani yake, na nikaanza kujifunza dharau kwanza kwa kuwa ilikuwa nyepesi zaidi.

Ndipo wenye maboti walipokuja kwenye Sentre. Walikuwa na ushirika wao na biro bandarini, na walichoka na orodha za abiria za karatasi zinazolowana. Boti ikikawia kufika Mpala au Moba, jamaa walijaa mlangoni wakiuliza nani alikuwa ndani, na hakuna aliyejua. Walitaka majina yakae kwenye mtandao, yasomeke huku na kule. Prezida wa ushirika, mtu mnene mwenye kofia ya ngozi hata wakati wa joto, alisema mbele yetu wote kwamba yule atakayeifanya kazi hiyo ndiye atakayeajiriwa kuishika, na kwamba nafasi ni moja. Nilikiona kiti kile kabla sijakikalia. Mji mzima ulikuwa umejaa watu wenye diploma waliokaa vibarazani wakingoja mjomba awakumbuke. Mimi sikuwa na mjomba. Papa Anselme angeweza kumpa Trésor na mwandiko wake. Alinipa mimi. "Beatrisi njo anauliza sana," alisema. "Muntu anauliza, anafika."

Nilijenga fomu yangu juu ya ile ya hoteli. Ya hoteli ilikuwa na visanduku viwili vya jina, jina la ukoo na jina la ubatizo, basi yangu nayo ikawa na viwili, na hayo majina mawili pamoja ndiyo yaliyomtambulisha abiria ndani ya orodha. Siku niliyoionyesha darasani, kompyuta ikiwa imevuliwa kitambaa, Papa Anselme aliinama karibu na skrini akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Na postnom? Utaiweka wapi?"

Kwetu mtu ana majina matatu. La kwanza, la pili ambalo ndilo tunaliita postnom, na la ubatizo. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kura, hati ya shule, zote zina matatu. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mimi nilijua. Lakini fomu ya yule bwana wa herufi tatu ilikuwa na mawili, na nilikuwa nimekwisha amua upande wangu.

"Papa, hii njo namna ya kimataifa," nikasema. "Wanatumiaka mawili."

"Kimataifa, sawa. Lakini hapa Kabange ni wengi, mutoto wangu. Kila nyumba yenye imezaa mapacha, wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Weka Maria nyuma yake, utapata Kabange Maria kumi toka hapa mpaka Mpala. Postnom njo inawaachanisha."

Alisema kweli, na nililiona hilo palepale, na kuliona kulinichoma. Wote saba walikuwa wakitutazama. "Uliza kwanza muntu wako wa Kigoma," nikamwambia, "kisha uje unifundishe."

Trésor alicheka, kisha akaacha. Papa Anselme alifuta chaki vidoleni, kidole kwa kidole, kwa kitambaa chake cha mfukoni. Mlangoni alisimama Mama Georgette na sinia kichwani, alikuwa amesikia. Mwishowe mume akasema, "Sawa. Fanya vile unaona," akafunga kahier yake. Mama Georgette akaweka sinia mezani na kuniwekea mimi kwanza, kama siku zote, na sikuona haya yoyote.

Boti ya kwanza ya programu yangu iliondoka siku ya Ijumaa asubuhi, kwenda Mpala na kuendelea Moba. Wiki nzima watu walikuwa wamekuja kujiandikisha, na amri ilikuwa moja: asiye ndani ya mashini hapandi. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha gati, nyuma ya dirisha dogo, na kompyuta ya ushirika mbele yangu. Nje Sumbu, mpandishaji, mtu aliyepewa filimbi akajiona jenerali, aliita jina, mimi nikalitafuta, nikatia alama ya kijani, mtu akapita kwenye ubao. Prezida alikuwa akizunguka kati ya magunia ya simenti ya Kabimba, mikono mfukoni. Asubuhi ileile alikuwa ameniambia: boti hii ikitoka vizuri, Jumatatu ukae kwenye kiti chako. Abiria arobaini na kitu walipita bila neno. Nilianza kujisikia mtu mkubwa.

Akaja mama mmoja mzee, kilemba cheusi, furushi na mwavuli.

"Jina?" Sumbu akauliza.

"Kabange Maria."

Nikatazama. Kabange Maria alikuwepo, mmoja tu, na alama ya kijani mbele yake. Alikuwa mwuza vitenge aliyepita robo saa iliyotangulia.

"Mama, umekwisha panda," Sumbu akasema.

"Nimepanda wapi?"

"Ndani ya boti. Mashini inasema umekwisha panda."

"Sasa yule amepanda ni nani, na mimi niko hapa chini?" Watu waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Mama hakucheka. "Baba, nilikuja Jumatatu kuandika jina. Naenda kuzika. Kyungu wangu amekufa, pacha yangu, Mpala. Wananingojea mimi."

"Nenda ukaongee na ile mashini," Sumbu akasema, na watu wakacheka tena.

Nilikwisha jua. Haikunichukua hata muda wa kupumua kujua. Jumatatu mama huyu aliandikwa, Jumatano mwuza vitenge akaandikwa, na kwa sababu majina mawili yalikuwa sawa, programu yangu ilidhani ni mtu mmoja aliyerudi, ikamfuta wa kwanza na kumweka wa pili. Kabange Ngoi Maria, Kabange Mwamba Maria: kisanduku kimoja kingetosha. Hata bila kisanduku, sentensi moja ingetosha. Wako wawili, mwacheni apite. Prezida alikuja dirishani, akainama, kofia ikagusa mbao. "Beatrisi, mashini inasema nini?"

Nimejibu maswali mengi katika kazi yangu na mengi nimeyasahau. Hili nalikumbuka na harufu yake, harufu ya simenti na mafuta ya injini. "Inasema amekwisha kupanda, Prezida," nikasema.

Boti ikatoka. Nyingine ya Mpala ilikuwa ya Jumanne, na kwa joto letu hakuna maiti anayengojewa mpaka Jumanne. Mama Kabange alikaa juu ya furushi lake, akilitazama dirisha langu, hakulia. Jua lilipomfikia akafungua mwavuli. Nilivuta pazia, nikaendelea kunakili majina ya boti ya Jumanne, na la kwake nikaliandika la kwanza kabisa, kana kwamba namfanyia wema.

Kesho yake wajukuu zake walifika kwenye biro ya ushirika, na si kwa upole. Prezida akaita kikao. Nilikuwa nimejiandalia uongo kuhusu mtandao uliokatika, uongo mzuri wenye maneno ya Kifaransa ambayo hakuna ambaye angethubutu kuyauliza. Sikuuhitaji. Papa Anselme aliingia na koti lake, kahier kwapani, akasalimia wote mmoja mmoja, wajukuu kwanza. "Mutoto aliandika vile nilimuambia," akasema. "Postnom, mimi njo nilisema itolewe. Mimi njo mwalimu. Kama kuna muntu wa kuulizwa, ni mimi." Nilimtazama nikidhani atanitazama. Hakunitazama. Prezida akapumua kwa sauti. Alikuwa amepata mtu wa kulaumu ambaye hakuwa ndugu ya mtu yeyote mezani. Jumanne Papa Anselme alipanda boti pamoja na Mama Kabange, akambebea furushi mpaka Mpala, akasimama penye kaburi lililokwisha fukiwa na kuomba msamaha mbele ya watu asiowajua. Hilo nililisikia kwa mabaharia, waliolieleza kwa kucheka.

Mimi Jumatatu nilikaa kwenye kiti changu. Katika siku mbili nikaongeza kisanduku cha tatu, na kila abiria nikampa namba yake, na Prezida akawaambia watu kwamba binti huyu amesahihisha makosa ya mzee. Papa Anselme aliporudi nilikutana naye njiani karibu na gare. Nilijiandaa kwa matusi. Nilitaka matusi, yangetuweka sawa. Akaniuliza, "Uliweka namba?"

"Niliweka, Papa."

"Inaanzia kwa moja ao kwa zero?"

"Kwa moja."

"Ni vizuri. Muntu hawezi kupenda kuitwa zero." Akatoa kahier, akaiegemeza kwenye ukuta wa duka, akaandika hilo kwa kalamu nyekundu, na kushukuru. Nilimwacha akiandika. Nakumbuka nilifikiri: mjinga huyu bado anataka kujifunza kutoka kwangu.

Sentre ilifungwa kabla ya mwaka kuisha, wazazi walipowatoa watoto wao. Sokoni walimwita Papa Umekwisha-Panda. Alirudia kutengeneza redio na pasi za umeme, mlangoni pa nyumba yake. Na kile kichekesho mlichokisikia kwenye kilio, au mtakachokisikia mkifika Kalemie, chenye mwalimu anayebishana na bibi kizee kwamba hayuko pale alipo na kumwonyesha kwenye kahier kwamba alama zake zimelala, kile nilikitunga mimi. Papa Anselme hakuwepo hata gatini siku ile. Nilianza kukieleza kwenye biro, wageni wakipenda kucheka, kisha nikahamia nacho Lubumbashi, nikaenda nacho Kigoma, na kwenye mikutano yenye hoteli nzuri. Kila mara nilikiongezea kidogo. Nilikuwa hodari. Kwa miaka mingi nilidhani ninamdharau kwa sababu hakujua, ilhali mji huu umejaa watu wasiojua na sijajisumbua kuwatungia hadithi. Nilimdharau kwa sababu alijua jambo moja, kwamba nilimdanganya Prezida dirishani nikijua Kabange ni wengi kama alivyokuwa ameniambia mwenyewe, na hakulisema, na mtu wa namna hiyo ukimheshimu huwezi kukaa naye mji mmoja.

Bukari ikaiva. Shemeji akaniita. Niliinuka, nikaweka soda chini ya kiti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kuhutubia sikuwa na karatasi. Niliwaambia. Niliwaambia kwamba postnom niliitoa mimi, kwamba yeye aliniuliza na nikamtukana mbele ya darasa, na Trésor hapa alikuwepo na alicheka. Niliwaambia kwamba nilijua Kabange walikuwa wawili na nikasema amekwisha kupanda, kwa ajili ya kiti, na kwamba mzee alijitwisha kosa lisilo lake mpaka akafa nalo. Niliwaambia kichekesho ni changu. Sauti yangu haikutetemeka, na nilipomaliza niliwatazama, nikingoja.

Mama mmoja mbele akatikisa kichwa polepole, akasema "Asante, Mama," na mnong'ono ukapita chini ya turubai, wa watu waliopendezwa. Shemeji alikuwa anafuta macho. "Mmesikia?" akawaambia. "Huyu njo mwanafunzi. Anabeba kosa ya mwalimu wake, ili mwalimu azikwe safi. Wenye adabu kama hiyo hawako tena." Trésor, mpumbavu yule aliyekuwepo na aliyecheka, alinishika bega na kusema, "Umemufunika muzee vizuri sana." Nikasema si kumfunika, ni kweli. "Tunajua, tunajua," akasema, akinipigapiga mgongoni. Nikarudia, kwa sauti zaidi, na wakazidi kunisifu. Niliwachukia wote kwa dakika moja, halafu nikakumbuka ni nani aliyewafundisha kumwona Papa Anselme hivyo.

Sikula. Nilikwenda kuaga mkekani, alipokaa Mama Georgette kati ya wamama wenziwe, miguu imenyooshwa, amekonda. Nikapiga magoti. Yeye hakuwa amenong'ona na wale wengine, nilikuwa nimemtazama. Alishika mkono wangu akauweka juu ya goti lake.

"Siku ileile ya kikao aliniambia yote," akasema, kwa sauti ndogo, yangu peke yangu. "Nilikasirika. Akasema, umungoje, ni muntu wa kuuliza, atajiuliza. Kila ukija Kalemie alivaa koti, akasema leo pengine Beatrisi atapita."

Nikaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Umekawia, mwanangu," akasema. Kisha akaachia mkono wangu, akampa mkono wake mtu aliyekuwa nyuma yangu.